Sifuri Nukta Tatu

Hakimu aliniuliza kazi yangu.
Nikasema: fizikia, kidato cha tatu na cha nne,
hapa hapa Malindi, miaka kumi na tisa,
na bunduki sijawahi kuishika.

Kizimbani alikuwa Mwaringa, bawabu,
shati la kuazima limemmeza mabega.
Kosa lake, kwa maelezo ya polisi: alikuwa karibu.
Hatua kumi na moja, geti hadi dirisha
aliposimama Bakari Shekue, mpima ardhi,
akimrekodia dada yake wa Mambrui ujumbe wa sauti.

Mahakama nzima tuliusikia.
"Mwambie fundi asimwage zege kabla sijafika,
ile bikoni ya pili imehamishwa, nimeipima mara mb—"
Kioo.
Kisha kimya kidogo, kama mtu anayemeza mate.
Kisha mlio.

Wenzangu walisikia kifo. Mimi, Mungu anisamehe,
nilisikia kile kimya.

Risasi ile, kwa daftari la mtaalamu wa silaha,
hukata mita mia saba kwa sekunde.
Sauti, katika joto letu la usiku wa Machi,
hujikokota mia tatu na hamsini.
Zilitoka pamoja, mtutu mmoja:
moja ikatangulia kuua,
nyingine ikafuata kutoa habari.
Kompyuta ilikipima kile kimya. Sifuri nukta tatu.
Fanyeni hesabu, niliwaambia, hata kiganjani:
mita mia mbili na kumi.

Angefyatua Mwaringa, pale getini,
kioo na mlio vingeingia simuni
kama mapacha wanaogombania mlango.

Wakili wa serikali akainuka, kajifunga joho.
Mwanga wa leza, akasema, uliwekwa kwenye tundu la ukutani,
ukapitishwa tundu la kioo, ukanyooka nje
hadi ile hoteli iliyofungwa tangu Mtaliano aondoke.
Na unaishia wapi, mwalimu? Ukutani.
Saruji tupu, juu ya kidirisha cha ngazi.
Ama risasi yako ilipenya zege kwanza?
Watu wakacheka. Hata Mwaringa alicheka kidogo.

Nikamjibu: mwanga haujui kuanguka. Risasi inajua.
Inapotoka tu mdomoni mwa bunduki, ardhi inaidai,
haijali ina haraka gani,
inaidai kama inavyoidai chaki ikinitoka mkononi.
Nusu ya mvuto, mara muda, mara muda tena.
Basi ishusheni ile alama yenu, sentimita...

Hapo nilisita, natafuta miwani.
Na kwenye benchi la nyuma midomo ikanitangulia:
arobaini na nne.

Bila sauti. Kijana wa shati la kijani,
mtunza funguo wa hoteli ile,
zamani dawati la pili upande wa dirisha,
mwaka ule wa mafuriko, darasa linanuka tope.
Ndiye aliyeniuliza:
"Kwa hiyo mwalimu, mtu alenge juu kidogo?"
Nikamsifu mbele ya wenzake.
Nikawaambia wampigie makofi.

Niliitaja namba. Karani akaandika.
Alama ikashuka kutoka kwenye saruji,
ikatua katikati ya kidirisha.

Mwaringa aliachiwa Ijumaa.
Mkewe, Nyevu, kaniletea kuku mwekundu;
yuko uani mpaka leo, sijaweza kumchinja.
Hesabu yangu ilifika dirishani ikasimama.
Haina herufi ya jina.
Jina nililitoa mwenyewe, kwa inspekta,
nyuma ya mahakama, karibu na bomba linalovuja,
kwa sauti niliyokuwa nikimwitia zamani
aje ubaoni.

Muhula huu nimefika tena ukurasa ule.
Msichana wa nyuma kanyanyua mkono.
Nimemwona.
Nimechelewa kumwita,
zaidi, nadhani, ya sifuri nukta tatu.